Sabufa Chini ya Kanga

Ugonjwa wa Nassibu ulianzia sinema, na aliyempeleka sinema ni mkewe mwenyewe, kwa hiyo baadaye Najma hakuwa na pa kulalamikia. Walikuwa wameoana si muda mrefu. Najma alisema amechoka kuangalia filamu kwenye simu iliyopasuka kioo, anataka kwenda ukumbini kama watu wengine, akae kwenye kiti kipana, ale bisi. Wakaenda. Katikati ya filamu mvua ikaanza kunyesha. Nassibu, ambaye kazi yake pale Kariakoo ni kuuza spika na kuwafungia watu majumbani, aligeuza shingo kutazama paa linavujia wapi. Najma naye akageuka. Mzee wa safu ya mbele akageuka. Ukumbi mzima ulikuwa umegeuka kutafuta mvua isiyokuwepo, na nyuso zilipokutana kwenye giza watu wakaangua kicheko, wageni kwa wageni.

"Mshamba mwenzangu," Najma alimnong'oneza, akamfinya mkono.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Nassibu hakuwa na hadithi nyingine. "Ile mvua haikuwa mbele yetu, Najma. Ilituzunguka. Kuna mahali ilikuwa inadondokea begani kwangu kabisa." Najma alimtazama kwa mapenzi, kama anavyotazamwa bwana harusi anayeropoka, na hakujua kwamba kuanzia siku hiyo amepata mke mwenza.

Walikuwa wakiishi ghorofa ya tatu ya jengo moja la zamani, nyuma ya maduka ya vitenge, sebule na chumba. Nassibu alianza kuleta spika nyumbani moja moja, kama mtu anayehamisha ukoo wake. Mbili akazisimamisha mbele, moja akailaza chini ya televisheni, mbili akazitundika nyuma ya kochi. Mwisho akaleta sabufa yenyewe, sanduku jeusi lenye uzito wa debe la maji, lile linalotoa mingurumo mizito ambayo mtu huisikia tumboni kabla haijafika masikioni.

Filamu ya kwanza waliyoangalia ilikuwa ya mtu anayefuatwa ndani ya nyumba yake. Nyayo zilipita nyuma ya kochi, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia. Najma akapandisha miguu juu. Akamtazama mumewe ili wacheke kama walivyocheka ukumbini, lakini Nassibu alikuwa amekodoa macho hewani, na hakukuwa na mtu mwingine wa kucheka naye. Mlango ukagongwa, Nassibu akaenda kufungua, hakuna mtu, kumbe ni wa kwenye filamu. Ukagongwa tena, wakapuuza. Kumbe ule wa pili ulikuwa wa kwao, na shemeji yake Nassibu alisimama nje na kikapu cha maembe mpaka akakata tamaa akarudi zake Temeke.

"Mimi siipendi hii," Najma alisema usiku ule. "Kule ukumbini tunaogopa wengi, na tukitoka tunaiacha hofu mlangoni. Hapa tunalala nayo. Sijui tena kipi ni cha filamu na kipi ni cha nyumba."

"Utazoea," Nassibu akamwambia. Hilo ndilo neno alilokuja kulijutia kuliko yote aliyowahi kumwambia mkewe.

Malalamiko yalipanda kutoka ghorofa ya pili, kwa Bi Shamsa. Huyu alikuwa mjane, mzaliwa wa Kariakoo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Sebuleni kwake lilisimama kabati la vyombo lenye milango ya kioo. Hakuna harusi wala hitima katika jengo lile iliyopikiwa pilau bila sahani za Bi Shamsa kutoka, na hakuna aliyethubutu kurudisha sahani yake ikiwa na ufa. Asubuhi moja aliwaita wapangaji wote kwenye ngazi. Sahani zake, alisema, zinalia. Zinagongana zenyewe kabatini kila siku. Na juu ya mlango wake kumetokea ufa unaoingiza kidole.

"Hata kwangu, mama," alisema Godbless, dereva wa lori aliyekuwa akikaa ghorofa ya nne. "Mlango wa choo haufungi tena. Fremu imepinda."

Mwenye nyumba, Abdulmalik, alikuwepo. Aliutazama ufa, akawatazama watu, kisha macho yake yakatua kwa Nassibu na kutulia hapo.

"Jengo hili nimelirithi kwa baba," alisema kwa upole. "Halijawahi kupata ufa hata wa unywele mpaka hiyo mitambo ya sinema ilipoingia. Sisemi kitu. Nyie wenyewe mna masikio."

Basi! Kila mtu akawa na lake la kumshtaki Nassibu. Na hakuna aliyekumbuka lile turubai la bluu pale chini, nyuma ya duka la vitenge, ambako vijana wa Abdulmalik walikuwa wakichimba na kutoa viroba vya udongo na kuvipakia kwenye guta tangu kabla ya Ramadhani. Abdulmalik alikuwa akisema anatengeneza stoo. Kariakoo mtu akisema anatengeneza stoo huulizi anaitengeneza kuelekea wapi. Unaruka udongo, unaendelea na safari yako.

Hukumu aliitoa Bi Shamsa. Sabufa ishushwe kwake, ikae amana mpaka kijana apate adabu. Nassibu akaibeba mwenyewe, watu wakimtazama kwenye ngazi, uso umemshuka. Bi Shamsa akauzungusha waya kwenye sanduku, akaufunga kwa utepe wa maboksi ya keki, akalisukuma sanduku pembeni ya kabati na kulifunika kanga. Nassibu hakumchukia. Aliona aibu, kwa sababu aliamini kabisa kwamba kosa ni lake, na kwa siku kadhaa alipita karibu na ufa wa Bi Shamsa akiwa ameinamisha kichwa.

Ijumaa, baada ya swala, Najma akiwa sokoni, Nassibu aliketi peke yake akafungua filamu kwa sauti ndogo ya mtu aliyekwisha adhibiwa. Ilikuwa sehemu tulivu. Mwanamke anakula mezani, hakuna muziki, kijiko tu na sahani. Nyuma ya kochi, upande wa kulia, kitu kikalia kwa ukali, kama muwa unaovunjwa kwenye goti.

Akapenda. Akasema moyoni, tazama walivyoiweka ile sauti, bila hata kumwonesha mtu. Akairudisha nyuma aisikie tena. Mwanamke akala, kijiko kikagonga sahani, hakuna muwa. Akarudisha tena. Hakuna. Akasimama juu ya kochi, akachomoa waya wa spika ya kulia, akaegemeza sikio ukutani, na pale pale ule muwa ukavunjika tena, ndani ya ukuta.

Kisha ukaja mngurumo. Aliujua. Ni ule wa chini kabisa, unaopanda kwa nyayo kabla haujawa sauti, ambao hakuna spika nyingine inayoweza kuutoa ila sabufa. Naye sabufa hana. Wazo la kwanza lililomjia, na asicheke mtu, ni kwamba Bi Shamsa ameifungua ile amana na anaangalia sinema kwa siri. Alishuka ngazi mbio ili amfumanie.

Wakakutana katikati, bibi anapanda, hasira zimemtangulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, na usinichezee! Umenunua nyingine!"

"Wallahi sijanunua, bibi. Si unayo wewe? Nilidhani umeiwasha."

"Niiwashe mimi?"

Wakaingia wote sebuleni. Sabufa ilikuwa pale pale chini ya kanga. Bi Shamsa akaivua, utepe wake haujaguswa, fundo ni lile lile alilofunga yeye. Wakabaki wameitazama. Na wakati wanaitazama, sahani zikaanza. Kwanza moja, mlio mdogo wa kisosi. Kisha safu ya juu. Kisha kabati zima likawa linatetemeka kwa sauti ndogo ndogo, milango ya kioo ikigonga, na kutoka kwenye ufa wa juu ya mlango ukamwagika unga mweupe wa plasta ukatua kwenye kanga mkononi mwa bibi.

Bi Shamsa akaweka kiganja juu ya sabufa, kama mtu anayempima mgonjwa homa.

"Ya baridi," alisema. Akakaa chini taratibu. "Mwanangu, tumekuonea. Na sasa naogopa."

Nassibu naye aliogopa, na hofu yake ilikuwa mpya. Haikuwa na filamu nyuma yake.

Walikwenda kwa Abdulmalik pamoja. Akacheka mpaka akajifuta macho. "Bi Shamsa, na wewe umeanza sinema?" Kabla hawajarudi, jengo zima lilishapata habari kwamba Nassibu amenunua sabufa ya pili na amempumbaza bibi. Walikwenda ofisi ya serikali ya mtaa kutoa taarifa, wakaandikwa, wakaambiwa wakaguzi watakuja Jumatatu. Bi Shamsa akapanda ngazi akigonga mlango mmoja mmoja, na kila mlango ulimkaribisha kwa heshima, ukamsikiliza kwa heshima, ukafungwa kwa heshima. Bibi amezeeka, walisema akishapita. Wengine walikuwa wametoka kulipa kodi ya miezi sita, na mtu aliyelipa kodi ya miezi sita hataki kusikia habari za nyufa.

"Kaka, zima tu hiyo mashine yako ya pili," Godbless alimwambia Nassibu, bila ubaya. "Ukizima, jengo litapona lenyewe."

Najma alishafunga nguo kwenye begi. Hakumwambia mumewe kwamba alimwonya, na hilo lilimuuma Nassibu kuliko kama angemwambia. "Twende kwa mama leo hii," alisema. "Na Bi Shamsa twende naye."

Lakini Bi Shamsa alikataa kuondoka akiwaacha wengine. Watoto wa jengo lile karibu wote yeye ndiye aliyewaogesha walipozaliwa. Ataondoka wa mwisho, alisema, kama anavyoondoka mwenye shughuli. Aliwatazama wale wawili, begi miguuni kwao, akangoja waseme kitu.

Aliyesema ni Najma. "Watu hawatoki kwa kutishwa. Tumeshawatisha, hawatoki. Watatoka kwa kuburudishwa. Nassibu, shusha spika zako barabarani."

Ndivyo walivyopanga. Jumamosi baada ya Magharibi watafunga kipande cha mtaa, Nassibu ataonesha filamu ukutani upande wa pili wa barabara, na Bi Shamsa atapika pilau, maana pilau ya Bi Shamsa haijawahi kukataliwa na mtu mwenye akili timamu. Watu wakishatoka wote, bibi atafunga geti kwa kufuli lake na kukaa na ufunguo kifuani mpaka wakaguzi waje Jumatatu. Watamtukana. Watalala kwa ndugu zao wakimtukana. Bi Shamsa alisema ametukanwa na watu wakubwa zaidi ya hao.

Jumamosi ilikwenda vizuri mno, na Nassibu hakuipenda kwa jinsi ilivyokwenda vizuri. Mikeka ilitandikwa. Shuka jeupe likapigwa misumari ukutani. Sahani za Bi Shamsa zote zilishushwa, kabati likabaki tupu kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya mtu yeyote. Nassibu akaweka spika mbele, akaweka nyingine nyuma ya mikeka karibu na muuza kahawa, ili watu wakae katikati ya sauti. Bi Shamsa alisimama getini akiwapokea wanaotoka, ghorofa kwa ghorofa, akiulizia mama wa fulani yuko wapi, na mtoto wa fulani je. Wa mwisho alikuwa Godbless, na kiti chake cha plastiki kichwani. Kufuli likalia. Nassibu aliusikia mlio wake kutoka ng'ambo ya barabara, akamshukuru Mungu. Wametoka. Wote wako nje.

Filamu ikaanza. Ilikuwa ya meli na dhoruba, aliichagua kwa makusudi ili iwe ndefu. Lakini barabara haina kuta za kurudisha sauti. Ile dhoruba ambayo sebuleni ingemrusha mtu kutoka kwenye kochi, hapa ilitoka nyembamba, ikapotelea juu kwenye nyaya za umeme na honi za barabara ya Msimbazi.

"Oya Nassibu!" Godbless akapaza sauti, mdomo umejaa nyama. "Hiyo dhoruba au mtu anakaanga samaki? Sabufa iko wapi?"

Watu wakacheka.

"Ya pili umeificha ndani, tunajua! Ya kututikisia sisi usiku unayo, ya kutuburudisha huna?"

Wakacheka tena, safari hii si kicheko chote cha utani. Mama mmoja akaanza kukunja mkeka wake. Mwingine akasema mtoto wake ana usingizi, hilo geti limefungwa la nini, nani kamruhusu bibi kufunga geti la watu? Nassibu alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza ya projekta, amezungukwa na nyaya, jasho linamtiririka, anaongeza sauti mpaka mwisho. Upepo wa bahari ukavuma kutoka mbele, ukavuma kutoka nyuma. Hakuinua kichwa.

Kwa hiyo hakumwona Bi Shamsa akiinuka. Bibi alikuwa amewasikia vizuri. Alijua kwamba wakishaamua kupanda watavunja kufuli, na kwamba neno lake haliwatoshi tena. Kilichobaki ni kuwaonesha kwa macho. Sabufa ingeletwa ikiwa na utepe wake, iwekwe mbele ya Godbless, kila mtu aone fundo halijafunguliwa, na kijana wa watu asafike jina. Halafu iunganishwe, sauti inenepe, watu wakae. Ni ngazi chache tu. Alimgusa Najma bega.

"Niangalizie sahani yangu," alisema. Najma alidhani anakwenda kwenye sufuria ya pilau.

Nassibu aliinua kichwa baadaye, alipoona watu wameanza kutulia kwa ajili ya dhoruba. Kiti cha Bi Shamsa kilikuwa kitupu, sahani juu yake. Akamtazama Najma, Najma akatazama kwenye masufuria, akatazama getini. Geti lilikuwa wazi. Kufuli lilining'inia.

Dirisha la ghorofa ya pili likawaka taa.

"Bi Shamsa!" Nassibu alipiga kelele. "Bibi, toka! Acha, toka!"

Lakini alizipanga spika zile kwa ustadi. Upepo ulimzunguka kila upande, na sauti yake ilizama humo humo, hata mtu wa mkeka wa pili hakuisikia. Juu dirishani Bi Shamsa akatokea, amekumbatia sanduku jeusi kama mtoto, kanga imening'inia. Aliwaona Nassibu na Najma wamemtazama. Akalinyanyua kidogo sanduku ili walione, akatabasamu, akageuka kushuka.

Ndipo mngurumo ulipokuja. Ulipanda kwenye nyayo kwanza. Vikombe vya kahawa vikatetemeka kwenye sinia, mikeka ikatetemeka, sahani zikalia kwenye magoti ya watu. Watoto wakapiga mayowe ya furaha. Godbless akaruka juu ya kiti chake cha plastiki, mikono hewani.

"Sabufa hiyo! Sabufa imefika!"

Na mtaa mzima ukapiga makofi. Walimpigia Nassibu makofi kwa roho safi, wamemsamehe kila kitu.

Nassibu alikamata nyaya zote kwa mkono mmoja akazing'oa. Shuka likawa jeusi. Dhoruba ikakatika, spika zikanyamaza zote, za mbele na za nyuma.

Mngurumo haukunyamaza. Makofi yaliendelea kidogo, kisha yakapungua, mkono mmoja baada ya mwingine, watu wakiangalia shuka lisilo na picha, kisha wakiangaliana. Nyuma yao, ghorofa ya pili, taa ya Bi Shamsa ikazimika.